Moshi wa Saa ya Chai

Vijana wa tanuru, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla yenu, basi naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba pale kijijini kwetu Kwanza, kwa hivyo mkiona mahali nimekosea, pitieni tu. Sitawaambia nilipanda cheo gani wala nililipwa nini. Cheo hakikuwapo, na mshahara wa tanuru mnaujua wenyewe. Nitawaambia habari za moto na chimni, na za watu wawili hasa: Mzee Wanyonyi aliyenifundisha kazi, na Bwana Gitonga aliyekuwa meneja wetu. Majina nayaandika wazi. Nikilificha jina la Gitonga, kesho mtaambiwa ni shetani aliyefanya.

Nilianza Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke na shamba dogo lisilotosha. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kanisani, maana nilidhani kiwandani watu huvaa vizuri. Wanyonyi alikuwa mkuu wa boila. Alivitazama viatu, akanitazama usoni.

"Kijana, hivyo vitaungua kabla ya saa sita."

"Sina vingine, mzee."

"Basi ungekuja na miguu. Hiyo angalau inajua kuruka."

Alikuwa Mbukusu wa Kanduyi, mfupi, mikono kama mizizi. Nyusi hakuwa nazo. Moto ulizichukua zamani, naye akaacha kuzingoja.

Nilidhani atanipa spedi nianze kutia maganda ya alizeti kwenye moto. Alinichukua akanipeleka nje, nyuma ya stoo, akaniambia nitazame juu ya chimni.

"Unaona nini?"

"Moshi."

"Hata mbuzi anaona moshi. Nakuuliza wewe unaona nini."

Akanifundisha hapo hapo tumesimama. Moshi mweusi ni moto uliokosa hewa: umeushindilia chakula na mlango wa chini umeufunga. Moshi mweupe mzito, unaotoka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa, ni kuni mbichi au maganda yenye maji. Ukitazama chimni usione moshi wowote, ila hewa ya juu ya mdomo wake inatetemeka kama hewa ya juu ya lami wakati wa jua, basi moto unakula kila kitu. "Hiyo mtetemo ndiyo unatafuta," alisema. "Ukiipata, kaa kimya, usijisifu, itapotea."

Halafu ndio akanipa spedi. Tia kidogo, tia mara nyingi. Mtu mvivu hujaza tanuru hadi mlangoni akaenda kukaa kwenye gunia, na kile alichojaza kinaenda kuwa kazi ya mapafu ya watu wengine. Mlango wa hewa uache wazi upana wa vidole. Ukisikia moto unanguruma chini chini, uko sawa. Ukinyamaza, toka nje utazame juu. Mpaka leo, vijana, najua wengi wenu mnatazama geji peke yake. Geji inakwambia habari za mvuke. Habari za moshi haina.

Pale Kitale kesi yetu ngumu ilikuwa majivu. Maganda ya alizeti ni mepesi, yakiungua yanapaa bado yana umbo lake, yanaenda kutua kwenye nyumba za chini ya kiwanda. Siku moja asubuhi akina mama walifika getini na mabeseni ya nguo zilizofuliwa, zote zina madoadoa meusi. Mmoja, muuza mboga tuliyemwita Mama Shiku, alikuwa na gauni jeupe la mtoto la ubatizo. Gitonga alitoka ofisini, tai imekaa vizuri, akawaambia hilo ni vumbi la barabara ya Endebess.

"Barabara ya Endebess?" Mama Shiku akauliza. "Siku hizi inapanda juu ya kamba za nguo?"

Wenzake wakacheka. Gitonga akarudi ndani. Jumamosi tuliuzima moto, Wanyonyi akafungua kisanduku cha chuma kilichoko kati ya boila na chimni, mahali moshi hupunguza mwendo ili majivu yaanguke. Kilikuwa kimejaa pomoni. Hakijawahi kufunguliwa tangu kiwanda kijengwe, kwa sababu kifuniko chake kilikuwa nyuma ya rundo la magunia na hakuna aliyetaka kuyahamisha magunia. Tulichota majivu kwa mikokoteni. Tangu hapo tukawa tunakisafisha kila Jumamosi, na nguo za akina mama zikapata nafuu. Gitonga aliwaambia wakubwa ni mradi wake. Wanyonyi aliambiwa, akacheka mpaka akakohoa. Wakati huo bado kilikuwa kikohozi cha kucheka.

Kisha sheria ya mazingira ikaanza kuuma. Kila kiwanda kikatakiwa kupeleka ripoti, kueleza kinatoa nini hewani na kinafanya nini kukipunguza. Gitonga akapelekwa semina Nairobi, akarudi na mkoba mpya na kadi ya moshi. Nyinyi mmeletewa vyombo vya betri, labda kadi hamjaiona. Ni karatasi ngumu yenye vivuli, kutoka nyeupe kabisa ambayo ni sifuri, kijivu kidogo, kijivu zaidi, hadi nyeusi ti ambayo ni tano. Katikati ina tundu. Unasimama mbali na chimni, jua likiwa mgongoni, unanyoosha mkono, unatazama moshi kupitia tundu, unalinganisha na vivuli. Ni chombo kizuri. Sina ugomvi na kadi.

Siku ya kwanza ya kusoma, tulikuwa tumekaa na vikombe, chai ya saa nne, mkate wa kugawana. Gitonga akapita na kadi yake. Alisimama uani, akanyoosha mkono kama polisi wa barabarani, akatazama, akaandika, akaenda. Nikamuuliza Wanyonyi, "Mbona anasoma wakati hatujatia kitu?"

"Anataka kuona chimni ikiwa imepumzika," Wanyonyi akasema. "Hata mimi nikipigwa picha huwa navaa koti."

Tulicheka. Tangu siku hiyo Gitonga hakusoma saa nyingine. Nani alimfundisha sijui, kwenye semina sidhani. Pale Kitale haikuleta madhara makubwa, maana maganda yalikuwa makavu na moshi wetu wa saa tatu haukutofautiana sana na ule wa saa nne. Ndiyo maana tulicheka. Kitu kikianza bila kuumiza mtu, kinazoeleka.

Miaka michache baadaye kampuni ikanunua kiwanda cha sukari nguru upande wa Bungoma, kupita Kanduyi kidogo. Wanyonyi akapelekwa awe mkuu wa tanuru, kwa kuwa ni kwao, na alifurahi. Alisema atakuwa anakula ugali wa mkewe mchana. Baada ya misimu kadhaa nikapelekwa mimi pia nimsaidie. Gitonga akawa meneja wa viwanda vyote viwili, anaenda na kurudi, kadi iko kwenye mkoba.

Kwa wale ambao hawajafanya kazi ya sukari nguru: miwa inasagwa, maji yake yanamwagwa kwenye makarai makubwa ya chuma yaliyopangwa juu ya tanuru refu, yanachemka hadi yawe mazito, yanapakuliwa kwenye vibao vya mbao, yanaganda. Moto unalishwa makapi ya miwa yenyewe. Karai likishaanza kuchemka halisubiri mtu. Moto ukishuka katikati ya safari, yale maji hayaendi mbele wala hayarudi nyuma, yanakuwa gundi. Ndiyo maana chai yetu ilikuwa moja na ilikuwa na saa yake: makarai ya asubuhi yakishapakuliwa na yale mapya hayajapata moto. Hapo ndipo tanuru lilipumzika, na hapo ndipo Gitonga alinyoosha mkono.

Shida ya Bungoma ilikuwa mvua. Makapi yalirundikwa uwanjani, hakuna paa. Jua likiwaka yanakauka na moto ni mzuri. Mvua ikinyesha, na mnajua mvua ya Bungoma, yanalowa mpaka ukiyakamua unapata maji ya kunawa. Moto haukuweza kuchemsha karai. Wanyonyi akaomba paa la mabati. Gitonga akaleta lori la matairi makuukuu kutoka gereji za Kitale.

Tairi linawaka vizuri sana, siwezi kukataa. Karai linachemka unatazama. Lakini moshi wake ni kitu kingine. Unatoka mweusi, mnene, unajikunja, hauendi juu. Unashuka kwenye nyumba za Kanduyi na kukaa hapo kama mgeni asiyeaga. Ukipenga kamasi ni nyeusi. Ukivua shati, kola ni nyeusi kwa ndani. Na kwenye tanuru zinabaki nyaya, zimesukana kama nywele kwenye kitana, lazima mtu ainame mlangoni na ndoano ndefu azivute kabla hazijaziba hewa. Mtu huyo alikuwa Wanyonyi. Nilimwambia nifanye mimi, akasema nitavuta vibaya nivunje wavu wa chuma unaobeba moto. Tulifanya kwa zamu mwishowe, yeye akijipa zamu nyingi.

Kikohozi chake kikabadilika. Kilianza asubuhi akishika spedi, kisha kikawa hakimwachi. Alikuwa anatema kwenye makapi na kufunika kwa kiatu ili tusione. Mkewe, Mama Nasimiyu, akamburuta hospitalini. Aliporudi kazini nilimuuliza daktari amesema nini.

"Amesema nitoke kwenye moshi."

"Na wewe?"

"Nikamuuliza, daktari, kwani moshi nao hauwezi kutoka?"

"Akasema?"

"Akasema hiyo si idara yake."

Alisema kama mzaha, lakini daktari alikuwa amemwambia wazi: msimu mwingine kama huo, kifua hakitafika mwisho wake. Na Wanyonyi hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa mtu wa moto tangu ujana wake. Kwa hivyo jambo likawa moja tu, na mimi nililiona hivyo kila asubuhi nikivuka geti: ama moshi utolewe kwenye kile kiwanda, ama Wanyonyi atolewe amebebwa.

Nikaenda kwa Gitonga. Nilimwomba vitu vitatu. Paa la makapi. Matairi yasije tena. Na saikloni, lile pipa kubwa la bati lenye mkia mwembamba kama faneli, ambalo moshi ukiingia unazungushwa, majivu yanagonga ukuta na kuanguka chini, na kinachotoka juu ni hewa karibu safi. Niliwahi kuona moja kwenye kinu cha mahindi Kitale. Haikuwa kitu cha ajabu. Fundi wa kuchomelea bati angeweza kuitengeneza.

Gitonga alifungua droo akatoa ripoti zake.

"Ndirangu, ona. Moja. Moja. Sifuri. Moja. Hiki ni kiwanda safi kuliko vyote upande huu. Sasa nimwambie mwenye kampuni anunue dawa na hakuna mgonjwa?"

"Mgonjwa yuko, bosi. Anaitwa Wanyonyi."

"Yule ana baridi ya kifua. Mwambie awache kulala na dirisha wazi." Halafu akashusha sauti. "Na wewe ni mtu wetu. Usiniletee aibu mbele ya hawa."

Mtu wetu. Ni kweli baba yake na baba yangu walihamia Trans-Nzoia kutoka upande mmoja wa nchi, na wakasali kanisa moja. Mapafu yangu hayakuambiwa.

Nataka muelewe hapo, kwa sababu ndio msingi wa kile ninachoandika. Gitonga hakuwa anadanganya namba. Alichokiona kwenye tundu la kadi ndicho alichoandika. Chimni ilikuwa safi kweli, saa ya chai. Na kwa sababu ripoti ilikuwa safi, paa halikununuliwa, na kwa sababu paa halikununuliwa, matairi yalikuja, na matairi yalipokuja yaliungua saa zote isipokuwa ile moja.

Mwaka uliofuata wilaya ikapata ofisa mpya wa mazingira, Bibi Chelimo. Tulisikia ni mwanamke wa maneno machache. Alituma habari kwamba atakuja mwenyewe kutazama chimni, akataja siku, ila saa hakutaja. Alisema tu asubuhi.

Gitonga alilala Bungoma ili asichelewe. Alfajiri alitupanga uani kama askari.

"Leo mlinzi atakaa barabarani na firimbi. Akiona gari la serikali, anapiga. Mkisikia firimbi, kila mtu chini spedi, chai. Mumeelewa? Moto usiguswe hadi aondoke. Na mtu akiulizwa, majibu ni yangu. Mwenye mdomo mrefu ataenda kuutumia nyumbani."

Alisema hayo akimtazama Wanyonyi. Wanyonyi alikuwa ameketi juu ya gunia, anavuta pumzi kwa mabega.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kwa hivyo tulianza na matairi. Makarai yakapata moto. Mlinzi wetu, Wafula, alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi. Kabla hata povu halijapanda, tukasikia firimbi. Spedi chini, chai. Gari lilikuwa la daktari wa mifugo, limepita moja kwa moja. Tukarudi, tukatia moto, makarai yakaamka. Firimbi. Spedi chini, chai. Safari hii alikuwa padri, ana Landrova inayofanana na za serikali, amekuja kuuliza bei ya sukari nguru. Gitonga akamfukuza kwa adabu. Firimbi tena. Lilikuwa lori la maji la kaunsili.

"Wafula!" Gitonga akapiga kelele. "Unapigia kila kitu chenye magurudumu?"

"Bosi, umesema serikali. Maji si ya serikali?"

Tulikuwa tumejaa chai mpaka shingoni. Wapakuzi walikuwa wanaanza kuimba. Mmoja akasema kama serikali itakuja kila siku, yeye ataacha kunywa chai kwake aokoe sukari. Wanyonyi peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya karai la tatu na mwiko mrefu. Aliuinua, na ile iliyoshuka kutoka kwenye mwiko haikuwa maji wala asali. Ilikuwa inavutika.

"Bosi," aliita, "hii inakufa."

Gitonga akaja, akatazama. Akatembea karai hadi karai. Yote yalikuwa hivyo, kazi ya asubuhi nzima inageuka gundi, na mwenye kampuni angetaka kujua kwa nini. Nilimwona uso unavyobadilika. Alitazama barabarani, hakuna gari. Akatazama makarai.

"Tia moto! Tia matairi! Yote! Haraka, kabla hajafika!"

Tukatia. Mimi mwenyewe nilitia, nilikuwa nimeajiriwa kutia. Moto uliolala ukishtuliwa kwa matairi baridi, hakuna hewa ya kutosha mbinguni. Moshi uliotoka siku ile sijawahi kuuona tena. Ulitoka kama kitu kinachosukumwa na mikono. Kuku wa majirani waliingia ndani wakidhani jioni imefika.

Nilitoka nje kutazama juu, kwa mazoea niliyofundishwa, na ndipo nikamwona mwanamke amesimama ng'ambo ya ua wa michongoma. Amevaa gambuti na sweta, jua liko mgongoni mwake, amenyoosha mkono. Mkononi ana kadi. Kando yake kuna kijana wa bodaboda ameshikilia baiskeli, ameziba pua kwa shati. Gari la ofisi halikuwa na mafuta, kwa hivyo Bibi Chelimo alikuja kwa baiskeli kutoka mjini. Wafula alimwona akipita. Alimsalimia hata. Firimbi hakupiga, kwa sababu serikali aliyoambiwa aingoje ina gari.

Alikuwa amesimama pale kwa muda. Aliteremsha mkono, akabadilisha mkono, akanyoosha tena. Halafu akazunguka akaingia getini, viatu vina matope. Gitonga alimkuta katikati ya uwanja, tayari ana tabasamu.

"Madam! Karibu sana. Karibu chai kwanza."

"Asante. Nimewaona mkinywa," akasema. "Huko nyuma nilipofika, mlikuwa chai. Nikasema wacha niwangoje mmalize. Mkaanza tena."

Akampita, akaja mlangoni mwa tanuru. Pale alikuwa Wanyonyi na ndoano yake, anavuta nyaya, anakohoa mpaka amepiga goti. Bibi Chelimo alingoja kikohozi kiishe. Hakumharakisha. Nililiona hilo, na ndiyo sababu mpaka leo sisemi vibaya juu yake, ingawa watu wa ofisi yake wengine nina maneno yao.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Moshi huu ndio wa kila siku?"

Gitonga alikuwa nyuma yake. Alimtazama Wanyonyi, na sote tulijua ule mtazamo unasema nini. Wanyonyi akajifuta mdomo kwa kiganja. Akatazama juu, ingawa kutoka pale chimni haionekani.

"Hapana, mama," akasema. "Kila siku huwa mrefu zaidi. Leo tumekunywa chai nyingi."

Kuna mtu alicheka, nadhani alikuwa yule kijana wa baiskeli. Bibi Chelimo hakucheka. Aliandika, akakunja karatasi, akamwambia Gitonga kiwanda kifungwe hadi kiwe na paa la makapi na chombo cha kukamata majivu, na kwamba akiona tairi lingine hata kama ni la wilibaro, atarudi na polisi. Ile sukari iliganda kwenye makarai. Tuliitoa kwa nyundo.

Sasa sehemu ambayo hamkuisikia kwa wengine. Kiwanda kilipofungwa, watu hawakumlaumu Gitonga. Walimlaumu Wanyonyi. Wakataji miwa walikuwa hawana kazi, wenye mikokoteni hawana cha kubeba, na ilikuwa rahisi kumtazama mzee anayekohoa sokoni Kanduyi na kusema mdomo wake ndio umefunga kiwanda. Mtu mmoja alimwambia hivyo mbele ya mkewe. Mama Nasimiyu alikuwa ananunua omena.

"Na kifua chake kilipokuwa kinafunga," akamuuliza yule mtu, "wewe ulikuwa unafungua nini?"

Gitonga alimwachisha Wanyonyi kazi wiki hiyo hiyo. Alimwita ofisini, nami nikiwa mlangoni, akamwambia kampuni imeona heri apumzike kwa ajili ya afya yake. Afya yake! Yule mwenye baridi ya kifua, aliyeambiwa afunge dirisha. Wanyonyi alimpa mkono, akatoka, akaweka ile ndoano mahali pake ukutani, sawasawa, kama mtu atakayekuja kesho.

Saikloni ilichomelewa na fundi wa Kitale. Paa likajengwa. Nikafanywa mkuu wa tanuru, na nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa nyuma ya stoo: makapi makavu, kidogo kidogo, mlango wa hewa wazi. Majivu yaliyokuwa yanaenda kwenye vifua vya watu yakawa yanaanguka kwenye ngoma, pipa dogo lililo chini ya saikloni, tunayabeba kwenda shambani. Vijana, ngoma hiyo imwageni kabla haijajaa. Ikijaa, saikloni ni pambo tu. Na someni kadi wakati mnatia, msisome wakati mnakunywa. Hayo ndiyo yote ninayojua juu ya kupunguza moshi, na yaliyobaki yako kwenye vitabu vyenu.

Gitonga alipewa cheti. Kulikuwa na mkutano wa wenye viwanda hotelini, akaeleza jinsi alivyopunguza moshi wa Bungoma, akarudi akapigwa picha kiwandani ameshika cheti kifuani. Picha hiyo iko ukutani mwa ofisi, mnaipita kila siku mkienda kuchukua mishahara. Kwenye picha, nyuma ya bega lake, chimni inaonekana. Ni safi. Safari hii sijui walipiga saa ngapi. Mimi mwenyewe nimestaafishwa mapema, na mkiniona nikipanda kilima cha Kwanza nikisimama kila mara kama ninayehesabu ng'ombe wa watu, mjue sihesabu.

Nimalizie na siku tuliyowasha tena tanuru baada ya kufungwa. Saa sita nilimwachia mwenzangu tanuru nikaenda kwa Wanyonyi, si mbali. Mama Nasimiyu alikuwa amemtoa nje kwenye kiti, mito imemshikilia kila upande, maana kulala hakuweza tena. Kutoka kwenye uwanja wake chimni ilionekana vizuri juu ya migomba. Miaka yote ya kazi, akiwa nyumbani zamu si yake, alikuwa akiitazama kujua nani yuko zamu na anatia vibaya kiasi gani.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe. Mnawasha lini?"

"Tumewasha tangu asubuhi."

Aligeuza kichwa. Akatazama chimni muda mrefu, akakunja macho yale yasiyo na nyusi.

"Acha kunidanganya, Ndirangu."

"Makarai yote yanachemka, mzee. Haki."

"Sasa mimi nitakuwa najuaje?"

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, nikanyoosha kidole ili akifuate. Nikamwambia asitafute moshi. Atazame juu ya mdomo wa chimni, pale hewa inapotetemeka.

Akatazama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia.

"Naona," akasema.

Sijui kama aliona. Tulikaa hapo tukitazama, kimya, hatukujisifu.